Jini wa Stoo ya Hasmukh

Garagaragara, kisha kacha.

Pantaleo, aliyekuwa ameinamia simu akirekodi filamu yake, akashukuru kwa mlio wa kutisha uliokuja bure. Mchumba wake Euphrasia ndiye aliyeelewa. Mlango wa bati juu ya ngazi, ule wa kuvutwa juu na kushushwa, umefungwa kwa kufuli, nao wamo chini, kwenye stoo ya Mzee Hasmukh pale Mchafukoge, pamoja na masanamu ya kuvalishia nguo, mengine hayana vichwa.

Ilikuwa Diwali, duka halifunguliwi mpaka sikukuu iishe, ndiyo maana wakaazimwa stoo. Mtandao haukufika humo. Na jioni hiyohiyo Pantaleo alitakiwa Buguruni, akajitambulishe kwa mjomba wa Euphrasia. Alishaahirisha mara mbili kwa ajili ya filamu, na mjomba ameapa: jua likizama hajafika, asifike tena.

"Tulia," alisema Pantaleo. "Mimi na woga hatujawahi hata kusalimiana."

Euphrasia, ambaye ndiye jini wa filamu, unga wa ngano usoni na raba zilizogundishwa kwato za ng'ombe miguuni, akamjibu kwamba haogopi, ana hasira.

Simu ya Pantaleo ikaisha chaji, na ya Euphrasia imo mkobani, mahali fulani kati ya masanamu. Giza likawafunika gubigubi, ukabaki uzi tu wa mwanga chini ya bati kule juu. Ndipo sauti ikaita kutoka juu, taratibu, kwa jina: Pantaleo... Pantaleo...

Euphrasia alitaka kuitika, Pantaleo akamziba mdomo. Bibi yake kule Masasi alimwonya tangu utotoni: sauti usiyemwona mwenyewe haiitikiwi, ukiitika umekwenda. Sauti ikaita tena, ikachoka, kandambili zikaanza kuondoka. Euphrasia akamng'ata kidole.

"Abee!"

Kumbe ni Mama Hemlata, mke wa Hasmukh, kaja kuhakikisha kwamba mlinzi wa duka hakufungia watu. Lakini naye kazaliwa Kariakoo, mambo ya mjini anayajua. Akafungua kufuli, akainua bati kiasi cha kiganja, akasema kama ni watu watoe mguu, maana jini ana kwato.

Euphrasia, kwa haraka, akautoa.

Bati likashuka kwa kishindo, kufuli likarudi. Mama akaomba dua kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili, ili anayehusika asije akakosa kuelewa. Euphrasia akavua raba, akapenyeza vidole chini ya bati. Mama akavichapa ufagio, akasema jini anayebadilisha miguu ndiye mbaya zaidi. Anakwenda Kigamboni kumfuata shehe. Wakijaliwa, watarudi kesho.

Kesho! Mwanga chini ya bati ulishaanza kuwa wa manjano. Pantaleo akameza mate, na kiburi pamoja nayo.

"Shikamoo, mama. Naogopa. Naogopa giza, naogopa haya masanamu, na mjomba wa huyu binti namwogopa kuliko vyote."

Kandambili zikasimama.

"Marahaba," alisema Mama Hemlata. "Jini gani anaogopa wakwe?"

Akafungua.

Barabarani simu ya Euphrasia ikapata mtandao, ikaita papo hapo. Alitazama jina, akampa Pantaleo.

"Shikamoo, mjomba," alisema Pantaleo. "Nakuahidi, jua halizami kabla sijabisha hodi kwako. Naja na woga wangu wote."