Samaki wa Mistari wa Ziwa Mälaren

Miaka minne Perpétue aliishi kama mjane, kumbe mumewe yu hai. Vita vilipoingia Uvira alikimbia na binti yake Victoire hadi Uganda, na huko watu wawili wa kuaminika wakamwambia kwamba mtumbwi wa kuvulia wa mumewe, Sébastien, umeonekana ukielea ziwani bila mtu. Alilia, akakaa matanga bila maiti. Baadaye akapata nafasi ya kuhamia Stockholm. Alikuwa ameshazoea kazi yake ya kutunza wazee, simu ilipolia jikoni kwake, mtaa wa Vårby gård, na sauti ikasema, "Mama Victoire, ni mimi. Niko kambini, Tanzania."

Miaka mingine mitatu ikapita. Maombi ya kumleta mumewe yalikuwa bado yanasubiri jibu. Kila Jumapili baada ya ibada walipigiana simu, na maneno yakaanza kuwaishia: umekula, nimekula, huku mvua, huku baridi.

Jumapili moja ya Mei, jirani yake Obiero, Mkenya wa Mbita, mji wa ziwani, aliyekuja kusoma akabaki, alimwambia samaki wa mistari, wale Waswidi wanaowaita abborre, wamesogea ufukweni mwa Ziwa Mälaren kutaga. Akamwazima fimbo ya kuvulia na kopo la minyoo. "Lakini mimi wiki nzima sijaona hata mmoja," alikiri.

Perpétue alipompigia Sébastien alimsimulia hayo, ili tu pawe na la kusema. Mumewe akadakia.

"Wanataga? Washa kamera. Nionyeshe maji."

Basi wakateremka ziwani, Perpétue na simu mkononi, Obiero nyuma na ndoo. Perpétue aliposimama penye gati, Sébastien alifoka kama zamani. "Toka hapo! Upepo unapiga, maji ni baridi. Tafuta mahali palipojificha, jua linapokaa siku nzima, penye matope meusi. Samaki mwenye mimba anatafuta joto."

Miaka yote ya ndoa Perpétue alimjua samaki kuanzia kwenye beseni. Sasa alifundishwa kumjua tangu majini. Walizunguka matete mpaka wakafika kwenye kijighuba kilichotulia, ambapo mti ulikuwa umeangukia ziwani. Kwenye matawi yake, chini ya maji, ulining'inia utepe mweupe kama lesi iliyolowa.

"Mayai!" Sébastien alipiga kelele hadi simu ikakoroma. "Rudi nyuma, usiwakanyagie nyumba. Tupa pembeni, pale maji yanapoanza kuwa meusi. Polepole."

Kiboya kilitikisika mara mbili, kikazama. Perpétue alivuta, akamtoa samaki mnene mwenye mistari myeusi na mapezi mekundu, tumbo limemjaa.

"Wacha!" alishangilia Obiero. "Huyo ni mboga ya siku mbili."

Sébastien akasema taratibu, "Ni jike huyo. Mrudishe, Mama Victoire."

Perpétue hakujua hasira yake ilikotoka. "Nimrudishe? Wewe uko huko, mimi niko huku, kila ninachokishika naambiwa niache! Hata samaki?"

Obiero alijifanya anatazama bata. Sébastien hakubisha. Kwenye kioo cha simu alionekana akijifuta uso kwa kiganja.

"Basi mchukue, bibi yangu," alisema. "Mchukue, ule."

Perpétue alimtazama samaki akihema. Akachutama, akamtia majini, akamshikilia mpaka alipopata nguvu na kuchomoka mwenyewe.

Baadaye walipata madume wawili wadogo, waliotoa mbegu nyeupe kama maziwa walipominywa tumbo, nao hao waliingia kwenye ndoo. Sébastien alicheka, akawataja kuhe na migebuka, samaki wa ziwa la kwao, aliowavua ujanani, akamuuliza Obiero habari za Mbita. Kisha akaomba kitu kimoja.

"Weka simu karibu na maji. Huku hakuna ziwa. Miaka saba sijasikia."

Aliiweka juu ya jiwe, akachutama kando yake. Maji yaligonga jiwe, yakarudi, yakagonga tena. Waliyasikiliza hivyo mpaka mtandao wa kambini ulipokatika.

Jioni Perpétue aliwapika samaki hao kwa mawese na nyanya. Victoire, aliyekwisha kusimuliwa yote, alionja, akauliza kwa Kiswidi kama kweli baba analijua ziwa la huku.

"Analijua," Perpétue alijibu kwa Kiswahili. "Hajalifikia tu."

Akaivuta sahani ya binti yake, akaanza kumchambulia miiba. Kule Uvira, hiyo ilikuwa kazi ya Sébastien.