Udongo wa Msingi

Bartholomeo aliomba kazi kwa bei ya chini kuliko mafundi wenzake, akaongeza sharti moja: udongo utakaochimbwa kwenye msingi auchukue yeye.

"Nawaondoleeni takataka, wazee wangu," alisema. "Lori langu, mafuta yangu."

Kamati ya ujenzi ilifurahi. Kijiji chetu kiko upande wa Geita, na zahanati yetu haikuwa na wodi ya wazazi. Nesi Bhoke alikuwa akizalisha stoo, katikati ya maboksi ya dawa. Mama mmoja alikuwa amejifungulia juu ya bodaboda akikimbizwa wilayani. Mvua zilikaribia, na mimi, mwenyekiti wa kamati, ndiye niliyesubiriwa kusaini.

Sikusaini. Nilisoma shule ya jioni nikiwa tayari baba wa watoto, na huko nilijizoeza kutoliacha swali njiani. Kuta za msingi zikishapanda, ndani hujazwa udongo ndipo zege limwagwe. Fundi gani hutupa udongo ambao kesho atauhitaji? Tena siku ya kukagua kiwanja nilimwona akiokota bonge, akalisaga kiganjani, akalilowesha kwa mate, kisha akakigeuzageuza kiganja juani.

"Baba Enock, wewe hata uji unaushuku," alinitania Masalu, katibu wetu. "Mtu anatupunguzia gharama, unamtafutia uchawi!"

"Ng'ombe akiuzwa bei ya mbuzi," nilimjibu, "mfungue mdomo kwanza."

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama mbele ya watu wote.

"Fundi Bartholomeo, tumeamua kuihamisha wodi. Itajengwa ng'ambo ya barabara, karibu na shule. Ramani ile ile, ukubwa ule ule. Bei yako si itabaki?"

Alicheka kidogo. "Kule udongo mbaya, mzee."

"Shule imesimama kule miaka yote, haina ufa."

"Basi bei itapanda. Mara mbili."

"Kwa ukubwa ule ule?"

Akatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni. Nikawageukia watu. "Mmesikia? Huyu hana haja na wodi. Anataka achimbe dhahabu kwenye kiwanja chetu, na sisi tumlipe!"

Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Bartholomeo alipanda pikipiki yake, akaondoka bila kuaga. Nesi Bhoke peke yake hakushangilia. Alinijia.

"Shikamoo, baba. Ilikuwa lazima uitaje dhahabu?"

"Marahaba. Kijiji hakifichwi ukweli."

Alitikisa kichwa, akarudi stoo kwake.

Asubuhi nilimwelewa. Kiwanja kilikuwa kimefukuliwa kama shamba la mihogo lililoingiliwa na nguruwe pori. Watu walikuwa na majembe, ndoo na makarai. Masalu alikuwa shimoni, udongo umemfika kiunoni.

"Mwangaluka, Baba Enock!" alinisalimu bila haya. "Umetufumbua macho."

"Katibu! Na wodi je?"

"Wodi si umesema inahamia ng'ambo?"

Nikageuka. Mlangoni pa zahanati mwanamke alikuwa akishushwa kwenye baiskeli, ameshika kiuno, na Bhoke anakimbia kumpokea. Mtego niliomtegea Bartholomeo ukawa ndiyo ramani ya kijiji.

Tulimwita Ngassa, fundi wa Tinde, ambaye bei yake ilikuwa ya juu lakini hakuwa na sharti. Siku ya kuchimba msingi, kule ng'ambo, Masalu na wenzake walikuja kusimama kando, mikono nyuma, macho kwenye sepetu. Kwenye mashimo yao hawakuwa wamepata hata chembe, ila hilo halikuwakatisha tamaa.

Ngassa alifuta jasho. "Mzee, udongo huu niumwage wapi?"

Nilimtazama Ngassa usoni, nikitafuta ujanja, nikaukosa. Nikawatazama wanakijiji wenzangu. Kwao sikuukosa.

"Hapo hapo kando," nilisema. "Utarudi msingini. Wote."

Nikaagiza kigoda, nikakaa ubavuni mwa lile lundo. Kila siku nilikaa pale, mpaka udongo wa mwisho ukashindiliwa na zege likamwagwa juu yake. Siku hiyo Bhoke aliniletea uji wa ulezi.

"Kunywa, baba. Sasa umekwisha kulinda."

Nilimshukuru, nikauchungulia kikombeni kwanza.