Kaliza wa L, Kariza wa R

Kaliza hakuzaliwa kukaa. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu ana siafu miguuni, na miaka ishirini na mitatu baadaye siafu hao walikuwa bado hawajahama. Leo ndiyo usiseme. Maombi ya ufadhili wa shahada ya ustawi wa jamii yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja jioni, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kuomba. Shirika linalofadhili halimpokei mtu mara ya nne. Akikosa, atapima vitambaa dukani Remera, hapa hapa Kigali, mpaka azeeke.

Ofisini kwa shirika hilo, Kimihurura, karani aitwaye Nkusi alitazama kompyuta, akatazama kitambulisho.

"Barua ya kumpendekeza Kariza tunayo. Ya Kaliza hatuna."

"Si ndiye mimi huyo huyo?"

"Kitambulisho kina L, barua ina R. Aliyeiandika airekebishe, aitume tena kutoka anwani yake."

Haya, sasa. Barua aliiandika Mama Xavérine, anayeongoza kina mama wa kujitolea wanaozitembelea familia zenye shida kule Kibagabaga. Mama huyo alikulia Bujumbura, na kinywani mwake L na R hupokezana zamu zipendavyo. Kaliza, wa kukulia Karagwe, Tanzania, alifuatana naye kila Jumamosi kwa miaka miwili. Alijua. Ndiyo maana alijichukia njia nzima juu ya pikipiki: alijua, na hakungoja hata dakika moja amtajie jina herufi kwa herufi.

Saa kumi na nusu alimkuta Mama Xavérine kwenye benchi nje ya hospitali, amempakata mtoto wa mgonjwa aliyekuwa ndani kwa daktari.

"Shikamoo, Mama. Umeandika Kariza."

"Marahaba. Si ndiyo jina yako?"

"Ni Kaliza."

"Ndiyo nasema, Kariza." Akamnyooshea simu. "Mikono yangu iko na kazi. Rekebisha weye, utume."

Kaliza akaifungua barua. Akafika mstari wa tatu: "Kariza hana subila. Anakatiza watu maneno."

Moto ukampanda usoni. Miaka miwili ya kupanda vile vilima juani, na shukrani ndiyo hii! Kamati ikifika hapo itafunga faili. Akatupa jicho pembeni. Mama Xavérine alikuwa anambembeleza mtoto. Akazifuta sentensi zote mbili, akageuza kila R ya jina lake kuwa L, akatuma. Hakusoma zaidi. Aibu ilimjia hapo hapo, akaimeza.

Haikupita robo saa, Nkusi akampigia Kaliza.

"Dada, barua mpya imefika. Lakini inasema 'kasoro hiyo', na kasoro yenyewe haimo. Nikaifungua ile ya kwanza, nikaikuta. Sikiliza." Akasoma polepole, naye Kaliza mguu ukimcheza. "'Lakini kasoro hiyo anaipiga vita. Siku mama mmoja alifiwa na mtoto akakataa kusema, Kariza alikaa naye kutwa nzima, hakumkatiza hata kimya chake. Baadaye aliniambia miguu ilikuwa inamuwasha. Mwenye kuzaliwa na subila hanishangazi. Huyu ananishangaza.'"

Kaliza alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nani amekata?" Nkusi aliuliza.

Uongo ulikuwa tayari ulimini: simu mbovu, mtandao. Mama Xavérine alikuwa anamtazama sasa. Kaliza akakaa kwenye benchi, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mimi."

Nkusi akajibu: "Mimi ni karani tu. Ya L ina jina sahihi, ukitaka itakwenda kama ilivyo. Ya R naweza kuipeleka, maana sasa naona anwani ni moja. Ila itanibidi niieleze kamati kwa nini ziko mbili, na nani amekata. Zimebaki dakika tisa. Nipeleke ipi?"

Siafu wote miguuni walimwambia akimbie. Hakukimbia.

"Peleka ya Kariza," alisema.

Mama Xavérine akamweka mtoto begani, akanyoosha mkono adai simu yake.

"Leo jina yako umeitaja muzuri," alisema.