Kijiti Juu ya Paa la Okomo

Wazee wa Shirati walinituma Mwanza na neno moja: nimwambie Roza akubali kwamba mumewe amekufa. Okomo, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikwenda kuvua upande wa kisiwa cha Goziba kabla ya masika, hakurudi yeye wala mtumbwi. Mke akishakubali, tutaukata mti unaochomoza kileleni mwa paa lake kule nyumbani. Sisi Wajaluo tunauita osuri. Ukisimama, mwenye nyumba yu hai. Ukikatwa, mke ni mjane, na mengine, matanga na kurithiwa, yanafuata.

"Wewe hukai mahali pamoja," wazee waliniambia. "Nenda wewe."

Nilimkuta Roza nyumbani kwake Ilemela, anamfunga binti yake Princess viatu. Makumbusho moja upande wa Igoma ilikuwa imealika familia zije kujenga nyumba ndogo za kienyeji, wazazi na watoto pamoja.

"Twende wote, baba," Roza akasema. "Huyu amenisumbua wiki nzima."

Neno la wazee nikaliahirisha. Nikaenda nalo.

Kwenye banda la makumbusho kila familia ilipewa ubao, udongo uliokandwa, fito na nyasi. Gladness, binti mfanyakazi wa pale, alitupa shikamoo ya heshima, akatuonyesha namna ya kufunga paa. Princess alikandika ukuta mpaka akachafuka masikio. Roza akaezeka. Mwisho akachagua ufito mnyofu, akaninyooshea. Kwetu kijiti cha kileleni hukisimika mwanaume wa ukoo. Nikajifanya natafuta kamba. Roza akanitazama, akampa mtoto akichomeke. Nadhani alijua nilichokuja nacho tangu nilipobisha hodi.

Meza ya jirani alikaa Mashimba, mfugaji wa Magu, na watoto wake.

"Mzee, hiyo ni nyumba au redio? Kwa antena hiyo mnashika stesheni gani?"

"Yenu haishiki hata moja," nikamjibu, "ndiyo maana mnakaa kuongea na ng'ombe."

Tukacheka, hata Roza.

Gladness akaanza kukusanya nyumba aziweke kwenye kabati la vioo, watu waje kuzitazama. Yetu ikagonga rafu ya juu. Akatoa mkasi wa kukatia maua, na kabla sijafungua mdomo, kacha! Kijiti kikaanguka.

"Haya, sasa imeingia!"

Princess alikiokota. "Dada, hiki ni cha baba! Mama alisema kikisimama baba yupo."

"Baba gani tena, mdogo wangu? Mimi nimepunguza tu." Gladness alitutazama mmoja mmoja, mkasi bado uko wazi mkononi. Sikuwa na la kumlaumu. Hakuna aliyemwambia.

Roza hakumgeukia yeye. Alinigeukia mimi.

"Baba, ndilo hili walilokutuma?"

"Ndilo."

"Mmeuona mwili?"

"Hatujauona."

"Ubao wa mtumbwi? Shati lake?"

"Hakuna, mwanangu. Kuna mvuvi alisikia kwa mwenzake."

"Alisikia." Akatikisa kichwa. "Sasa mnataka kuzika nini? Maneno ya mvuvi?"

Mashimba aliinamisha kichwa, akawanyamazisha watoto wake. Roza akachukua ufito mwingine na kamba, akaniwekea mkononi.

"Funga wewe."

Nilisimama nao. Nikiufunga, sina namna ya kurudi Shirati na lile neno. Watasema mzee amegeuzwa kichwa na mke wa mtu. Tena huenda Okomo amelala chini ya maji, na mimi namdanganya mtoto mbele ya macho yake. Nisipoufunga, nimemfanya huyu mama mjane kwenye banda la wageni, kwa habari za kusikia.

Nikaufunga. Fundo likatoka baya.

Gladness akaipokea nyumba kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza nje ya kabati.

"Babu, baba anakuja lini?" Princess akauliza.

Nilimuuliza Gladness gari la kwenda mwaloni Kirumba linapita wapi, zinakotokea boti za visiwani.

"Unakwenda wapi?" Roza akaniuliza.

"Goziba."

Hakunishukuru. Alinisindikiza mpaka barabarani, mtoto mgongoni, na gari liliposimama akasema:

"Ukikuta amekufa, baba, usimtume mtu. Njoo mwenyewe."