Nyenje wa Chumbani kwa Mama

Mama ndiye aliyeniharibia utafiti, tena kwa huruma.

Nilikuwa nafuga nyenje chumbani kwake, mtaani Nyakabiga, kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho chuoni. Taa yake ilikuwa inawaka usiku kucha tangu tumzike Baba, na mimi nikaona nimepata taa ya bure. Boksi moja nililiacha wazi chini ya mwanga. La pili nililifunika kwa blanketi nene kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Giza likiingia, mwili wa nyenje hutengeneza melatonini, kama wetu sisi, na hiyo ndiyo inayomwambia usiku umefika.

Siku ya kumi na moja nyenje wa maboksi yote mawili walikuwa wanaimba ovyo, hata saa sita mchana, wakati wale wa blanketi walipaswa kuimba usiku tu. Kesho yake niliamka mapema, nikamkuta Mama anarudisha blanketi.

"Mama! Ulilifunua?"

"Kila usiku. Mi niko mu eda, Saliha, lakini hao wamefiwa na nani? Unawafungia mu giza bure."

Nilipandwa na hasira. "Profesa ananingoja vendredi, Ijumaa hii hii! Niandike nini?"

Alikaa kitandani, macho mekundu, na hapo ndipo nilipomtazama. Daftari langu lilikuwa na usiku kumi na moja wa wadudu wasiojua kulala. Yeye nilikuwa nampita mlangoni. Niliona aibu.

"Mama, unalalaka?"

"Apana. Nikizima taa, kitanda kinakuwa kikubwa." Akavuta mtandio. "Ile dawa ya giza uliniambia nyenje wako nayo, na mi niko nayo?"

"Uko nayo, Mama. Inangoja uzime."

Nilimwomba profesa wiki mbili, akanisema kweli kweli, kisha akanipa. Jioni hiyo, baada ya isha, boksi la mwanga nililihamishia jikoni, nikaliwashia taa ya huko. Nikalala upande wa Baba. Mama alizima taa yake mwenyewe, akanishika mkono kwa nguvu.

Kisha chini ya blanketi, ndani ya boksi, nyenje mmoja akaanza kuimba.

"Huyo anaita nani?"

"Muke wake, Mama."

Nikajilaumu kwa jibu langu.

"Basi umuache aite," alisema Mama. "Mi namusikia."

Mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Alikuwa amelala.