Dereva wa Zephyr

Jumatatu hiyo Kahindi alikunywa chai yake ya tangawizi, akala mahamri mawili, akafungua ghala la Abdulghafur kule Mji wa Kale na kuanza kukwangua kutu kwenye mlango wa Zephyr. Gari lilikuwa limefungiwa humo tangu mwaka wa sitini na saba. Sasa ilikuwa tisini na nne, na Abdulghafur alitaka lipendeze tena, limbebe bintiye siku ya harusi.

Kutu ilipotoka mlangoni, mkono ulitokea kwenye usukani. Ulikuwa mkavu, una kovu la panga karibu na kidole gumba. Kahindi aliutazama, akabadilisha msasa, akaendelea. Mlango ulikuwa bado na matundu.

Wiki ya pili alishona upya ngozi ya kiti cha mbele, na mwenye mkono akapata mgongo wa kuegemea. Rangi ilipopigwa, uso ukarudi. Hapo ndipo Kahindi alipomtambua Chonga, babake, aliyekuwa dereva wa akina Abdulghafur. Kahindi alikuwa na miaka sita walipoambiwa kwamba Chonga ameiba bangili ya dhahabu na kutorokea Tanga. Kwao Kaloleni, wazee wa ukoo walikataa kumchongea koma, kigingi anachosimamishiwa marehemu akumbukwe, kwa sababu aliyetoroka si maiti. Mamake Kahindi, Mbodze, akawa wa kuchekwa kisimani. Kahindi alilia, akajifuta kwa tambara lenye tina ya kuyeyushia rangi, macho yakazidi kumwasha.

Bangili yenyewe aliikuta chini ya kiti cha nyuma. Alimkabidhi Abdulghafur alipokuja kukagua kazi.

"Mashallah! Mamangu aliitafuta hii mpaka Mungu akamchukua," mzee alisema, akaitia mfukoni. Kisha akachungulia dirishani. "Ah, Chonga. Hujambo?"

Chonga hakuwa na sauti bado. Kahindi alingoja Abdulghafur aseme neno jingine. Mzee akauliza habari za breki.

Sauti ilirudi siku honi mpya ilipofungwa.

"Babake Abdulghafur aliniambia nikae humu mpaka nikumbuke bangili iko wapi," Chonga alimwambia mwanawe. "Akatia kufuli, akasafiri Bombay."

"Hakurudi?"

"Alirudi. Nilimsikia akipita hapo nje na wageni. Nikapiga honi mpaka betri ikafa."

"Twende nyumbani, baba."

"Gari liwake kwanza."

Basi Kahindi akafanya kazi kama aliyepagawa. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akampelekea Mbodze salamu kwamba siku ya kujaribu gari atamleta mumewe. Wazee wa ukoo nao walikubali: akifika, koma itachongwa. Kahindi angeweza kuacha boliti mbili tatu zimelegea, kazi ichelewe, apate kujua namna ya kumtoa babake. Lakini yeye ni fundi wa kujivunia mkono wake, akakaza zote.

Jumamosi asubuhi injini iliwaka mara moja. Kabla hawajatoka, Abdulghafur alifika na kanzu yake ya pasi, akaketi kiti cha nyuma. Chonga aliendesha, Kahindi kando yake. Walipita Majengo, watu wawili watatu wakampungia dereva, wakimkumbuka.

Karibu na Makupa, Kahindi alimwinamia babake. "Nyosha, baba. Mazeras, kisha Kaloleni. Mama yuwangoja."

"Chonga, geuza," alisema Abdulghafur. "Lisije likaingia vumbi."

Chonga aliinua macho kwenye kioo, akamtazama aliyekaa nyuma.

"Ndiyo, bwana."

Alitoa mkono dirishani kuonyesha kwamba anapinda, kama madereva wa zamani, akageuza taratibu bila kugusa ukingo wa barabara. Kahindi angeweza kuushika usukani. Mikono yake ilibaki mapajani.

Abdulghafur alimgusa bega.

"Mkono wako mzuri, fundi. Gari limerudi vile vile lilivyokuwa."

"Ahsante, mzee," Kahindi alisema.