Azimio Namba Moja la Moto Safi Vyuma

Kampuni yetu ilizaliwa Jumatano saa nne asubuhi, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kumvunja mtu taya. Wakili alikuwa ametueleza kwamba kampuni ikishasajiliwa huwa mtu mbele ya sheria. Hakutuambia atakuwa mtu wa tabia gani.

Mambo yalianza mwezi mmoja kabla, kwa geti. Baba na Baba Mdogo ni mafundi wa kuchomelea vyuma, na geti lao moja liling'oka kwenye bawaba likamwangukia mteja, likamvunja mguu mara mbili. Bawaba alizichomelea Baba Mdogo, ambaye huchomelea kama anavyopigana, haraka na bila kuangalia. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Nyundo.

Kesho yake walikuja wapwa watatu wa mteja. Walimkuta Baba peke yake karakanani. Hawakujisumbua hata kuja na silaha. Walichukua nondo kwenye rundo letu wenyewe, wakampiga mgongoni, mbavuni, halafu usoni, na miwani yake ikasagwa chini ya buti. Mimi nilikuwa ndiyo nimefika likizo, sanduku la bweni bado mkononi, na nilisikia ubavu wa Baba ukivunjika. Hulia kama kijiti kikavu.

"Mguu wa mjomba usipopona tunachukua nyumba," alisema mkubwa wao, akifuta nondo kwa kofia ya Baba. "Na huyo bibi yenu aliyelala ndani tutamtoa na kitanda chake."

Lile la nyumba lilimuuma Baba kuliko ubavu. Siku tatu baadaye alikwenda kwa wakili, amejikunja kama mundu. Mimi nilikwenda kuandika, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, na Baba Mdogo alikwenda kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

Wakili alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye meza moja, feni moja na stepla kubwa ya chuma. "Mlivyo sasa," alisema, "geti likimwumiza mtu, wanakuja hadi kwenye nyumba yenu, vitanda vyenu, mpaka kuku wenu. Mkiwa kampuni yenye dhima ya kikomo, wanaishtaki kampuni. Kampuni ina vyake, ninyi mna vyenu. Mnachoweza kupoteza ni kile mlichoweka kwenye hisa."

"Na mguu huu wa sasa?" Baba aliuliza.

"Huo umekwisha kuvunjika, ni wa kwenu. Kaombeni radhi, mkamtibu. Mimi naongelea miguu ijayo."

Baba Mdogo alijivuta mbele kwenye kiti. "Mama wakili, ngoja nielewe. Kampuni ikikosa, inashtakiwa yenyewe?"

"Yenyewe."

"Kama mtu?"

"Kama mtu kamili."

Baba Mdogo akanyamaza. Nyundo akinyamaza, mwenye meno na ayahesabu.

Hatua ya kwanza ilikuwa jina. Karakana yetu imeitwa Ndugu Wawili tangu Babu alipoliandika jina hilo kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Wakili alituma maombi kwa msajili, na jibu likarudi tukiwa ofisini kwake: jina limechukuliwa wiki tatu zilizopita. Aliyelichukua ni Bwana Tai, fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa kibarua wetu miaka mitano na sasa alikuwa na karakana yake. Anaitwa hivyo kwa sababu huvaa tai hata akichomelea. Hana ndugu hata mmoja.

Baba Mdogo alisimama. Baba akauzuia mlango kwa mgongo.

"Kaa chini, mdogo wangu."

"Jina la baba yetu, kaka! La baba yetu!"

"Kaa chini nimesema."

Baba Mdogo akamtwanga kichwa cha pua. Baba akamkaba. Wakaanguka juu ya kabati la mafaili, na katika kuanguka kiwiko kikaingia pale pale penye ubavu uliovunjika. Baba akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Kisha mkono wake ukapapasa mezani, ukaikuta stepla, akamgonga nayo mdogo wake kichwani mara mbili, bila hasira, kama mtu anayepigilia msumari. Baba Mdogo akakaa.

"Damu isiguse fomu," wakili alisema, akizisogeza. "Msajili hapokei karatasi chafu. Jina la pili?"

Tukachagua Moto Safi Vyuma, na hilo likapita.

Baba alimwomba mteja radhi na kumtibu mguu, na yaliyobaki yalikuwa kazi ya kalamu. Wakurugenzi wawili. Hisa nusu kwa nusu. Anwani ya ofisi, ambayo ni karakana. Katiba ya kampuni, kurasa kumi na nne za maneno mazito. Wakili aliniagiza pia nifungue kitabu cha maazimio, ambamo kila jambo wanaloamua wakurugenzi huandikwa na kutiwa saini. Azimio la kwanza lilipaswa kuwa la kufungua akaunti benki.

Hapa sina budi kukiri jambo. Muhula uliopita niliandika tangazo kwa jina la matroni, likiamuru bweni zima lilale na viatu kwa sababu za kiafya. Wasichana themanini walilala na viatu. Kwa hiyo nilijua nguvu ya karatasi yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Nilichokuwa sijakijua ni mahali nguvu hiyo inapoishia.

Nikaandika hivi, kwa mwandiko wangu bora kabisa:

AZIMIO NAMBA MOJA. Kampuni imeazimia kwa kauli moja kumtandika Bwana Tai makofi yasiyopungua matano, kwa kuiba jina. Makofi hayo yatakuwa ya kampuni, wala si ya mkurugenzi yeyote binafsi.

La benki nikalifanya namba mbili. Nilitaka kulisoma la kwanza mbele ya wote Jumapili baada ya chakula, tucheke, maana nyumba ilikuwa haijacheka tangu siku ya nondo.

Baba Mdogo aliniwahi. Shule aliiacha darasa la pili na kusoma kwake ni kwa kubahatisha, ila jina la Tai alilitambua. "Hii inasema nini?"

Nikamsomea kwa sauti ya hakimu. Hakucheka.

"Ni sheria hii?"

"Ni azimio la wakurugenzi, Baba Mdogo. Likitiwa saini na wote wawili linakuwa kauli ya kampuni."

Ulikuwa ukweli mtupu, na ningeweza kumalizia kwa kusema "nilikuwa natania." Lakini alikuwa amekwisha kushika kalamu, ulimi nje, akichora saini yake polepole kama anayekata bati, na mimi nilikuwa nimebana kicheko mpaka tumbo linauma. Jioni Baba akatia zake. Wakili alikuwa ameweka msalaba wa penseli kila mahali pa saini, nami nilikuwa nimeweka wangu kwenye azimio langu, kwa kukamilisha utani. Bila miwani, Baba aliona misalaba tu.

"Umeyasoma yote, mwanangu?"

"Yote, Baba."

"Basi."

Jumatano wakili akaleta cheti mwenyewe. Baba alikipokea kwa mikono miwili. "Nyumba imepona," alisema, akakiweka mezani, akaingia ndani kumpa habari Bibi, mama yake. Aliporudi, cheti hakikuwepo mezani, kitabu cha maazimio hakikuwepo, na Baba Mdogo alikuwa katikati ya barabara.

Nilimkimbilia. "Baba Mdogo! Ilikuwa mzaha! Niliandika kwa mzaha!"

"Imetiwa saini," alisema, wala hakugeuka.

Aliingia kwa Bwana Tai, akasimama katikati ya karakana, akakifungua kitabu. Kwa kuwa hawezi kusoma vizuri, alikuwa amelikariri. Alilitoa lote, neno kwa neno, mpaka "binafsi." Mafundi wanne wa Bwana Tai walizima mashine zao ili wasikie vizuri.

"Umelewa, Nyundo?" aliuliza Bwana Tai.

Kofi la kwanza lilimgeuza kichwa. La pili likamrudisha. "Mbili," Baba Mdogo alihesabu. La tatu lilimwangusha, akamwinua kwa tai. La nne lilipasua mdomo. La tano halikuwa kofi. Sijui kama kampuni ilikuwa imeidhinisha ngumi, lakini ilikuja, na taya la Bwana Tai likahama upande, likabaki huko.

Hapo mafundi wakamvamia. Mmoja alimpiga na bomba magotini, Baba Mdogo akaenda chini, wakamkanyaga. Alimng'ata mmoja mguu mpaka suruali ikalowa damu. Alimkamata mwingine masikio, akamgongesha uso kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani. Wa tatu akawasha grinda. Kila aliyekulia karibu na vyuma anaujua mlio ule, na anajua kwamba diski ile haiulizi kama inakata chuma au nyama.

Baba alifika wakati huo, mkono mmoja umeshika ubavu. Hakuona vizuri. Aliona kivuli kikishuka juu ya mdogo wake, akanyoosha mkono wa kulia kukizuia.

Vidole viwili vilianguka kwenye unga wa chuma. Vilikuwa vidogo kuliko nilivyodhani vidole vya Baba vingekuwa. Grinda ikazimwa. Yule fundi akaanza kulia, na Baba akawa ndiye anayembembeleza: "Basi, kijana. Basi. Izime, iweke chini."

Polisi walipokuja, Baba Mdogo alikuwa amekaa sakafuni, jicho moja limefumba, anatema damu na vipande vya jino. Alimnyooshea afande cheti.

"Huyu hapa," alisema. "Mkamateni."

"Nani?"

"Kampuni. Mimi ni mkurugenzi tu."

Afande alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akakiokota kitabu, akasoma, na kicheko kikamwisha taratibu.

"Hili ni shambulio lililopangwa. Kwa maandishi!" Akageuza kitabu kwenye mwanga. "Saini mbili. Hii ya pili ya nani?"

Baba alikuwa amefungwa mkono kwa shati langu la shule. "Ni yangu."

"Unajua umetia saini nini, mzee?"

Baba alinitazama. Hakuwa na miwani, lakini wakati ule aliniona sawasawa. "Nimetia saini ya kampuni," alijibu.

"Basi mtakwenda wote wawili. Na mwandishi wa haya madudu ni nani?"

"Mimi," alisema Baba Mdogo.

"Wewe?"

"Mimi. Nimeandika yote. Watoto hawahusiki."

Afande akamtupia kalamu. "Andika sentensi ya kwanza tena hapa chini."

Baba Mdogo aliikamata ile kalamu kwa ngumi, akainama juu ya ukurasa, damu ya pua ikidondoka, na hakuandika kitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiogopa. Mafundi walimtazama. Bwana Tai alimtazama, taya lake upande.

"Ni wangu," nilisema. "Mwandiko ni wangu. Niliandika kwa utani. Baba hakusoma kwa sababu hana miwani, na aliniuliza kama nimeyasoma nikamwambia ndiyo."

Niliyarudia kituoni mchana ule, mara tatu, na mara ya tatu niliandika mwenyewe, kwa mwandiko ule ule, ili afande alinganishe. Wakili alikuja akakaa karibu yangu, akanisahihisha sehemu mbili tu. Alimweleza Baba Mdogo kupitia nondo za mlango wa mahabusu kwamba dhima yenye kikomo ni ya madeni ya biashara. Ngumi haina kikomo. Ngumi ni ya mwenye mkono.

"Sasa si ungesema mapema, mama," alisema Baba Mdogo.

Baba aliachiwa aende hospitali. Baba Mdogo alipata miezi minane. Bwana Tai alifungwa taya kwa waya, na jina akabaki nalo. Mwezi mzima alikunywa uji kwa mrija, tai shingoni.

Baba hakunipiga. Hakunisemesha siku nne, na nyumba yetu ina vyumba viwili tu. Siku ya tano aliweka mezani miwani mipya, kitabu kipya cha maazimio na kalamu, akaketi.

"Andika," alisema. "Azimio Namba Moja. Kampuni haitampiga mtu."

Niliandika. Akavaa miwani, akasoma neno kwa neno, mdomo ukicheza, kisha akalisoma tena. Akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado bandeji tupu, na saini ikatoka imepinda kama ya Baba Mdogo.

"Umesoma yote?" nilimuuliza. Sikuwa natania.

"Yote," alisema. "Kesho kamsomee baba yako mdogo."

Nilikwenda mahabusu. Baba Mdogo alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akauliza kama vidole vya kaka vinauma usiku. Nikasema vinauma. Akageuka ukutani muda mrefu. Halafu akauliza kuhusu cheti, na nikamwambia ukweli: polisi walikizuia kama kielelezo, kimefungiwa kwenye kabati la afande, kwa kufuli.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Kwa hiyo na kampuni yenyewe imo ndani," alisema, na kwa mara ya kwanza akaonyesha pengo la jino.